Harry Ferguson, mtoto wa mkulima aliyechukia kulima

Wiki chache zilizopita msikilizaji wetu mmoja alitutumia picha kwa simu. Trekta dogo limesimama nyuma ya nyumba ya marehemu babu yake, magurudumu ya mbele yamezama udongoni, kuku wamelala kwenye kiti. Rangi imekwisha kabisa, lakini mbele, juu ya rejeta, bado linasomeka neno moja: Ferguson. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshafika mara mbili na kutaja bei. Ndugu wanataka liuzwe kwa kilo, pesa zigawanywe, yaishe. Yeye anataka kulifufua. Akatuuliza maswali mawili: huyu Ferguson alikuwa nani, na je, chuma hiki kina thamani kupita uzito wake?

Tulipousoma ujumbe ule hewani simu zikaanza kuingia. Kumbe matrekta ya namna hiyo yaliyolala chini ya miembe ni mengi kuliko tulivyodhani. Kwa hiyo tumeona tuandike hapa kwa kirefu, maana muda wa kipindi hautoshi.

Tuanze na jina. Vijijini kwetu mtoto hajaanza shule lakini anajua Massey Ferguson ni trekta jekundu. Wengi tunadhani ni jina la mtu mmoja. Massey ilikuwa familia ya Kanada iliyotengeneza zana za kilimo. Ferguson alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu wa Ireland, na majina hayo mawili yalikuja kukutana akiwa tayari mzee.

Henry George Ferguson, ambaye dunia nzima ilimwita Harry, alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 katika kijiji cha Growell, wilaya ya Down, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mkulima mwenye shamba lake na mtu wa dini mwenye msimamo mkali. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Harry aliacha shule akiwa na miaka 14 ili asaidie shambani, na hapo ndipo tabu ilipoanza. Alikuwa na mwili mdogo, na kazi ya shamba wakati ule ilikuwa farasi, matope na mgongo. Aliichukia. Wala hakuificha chuki hiyo, akawa anagombana na baba yake kila mara.

Alikuwa karibu kuhamia Kanada pale kaka yake, Joe, alipomwokoa. Joe alikuwa amefungua gereji ya baiskeli na magari mjini Belfast, na mwaka 1902 akamchukua mdogo wake ajifunze kazi. Huko kijana akajikuta. Alikuwa na sikio la injini. Aliweza kusikiliza gari linavyonguruma akajua kasoro iko wapi, na wateja wakaanza kumtafuta yeye badala ya kaka mtu. Akashindana mbio za pikipiki na magari ili kuitangaza gereji.

Kisha zikaja habari za ndege. Mwaka 1909 Harry alikwenda kutazama maonyesho ya ndege Ufaransa na Uingereza, akapima kwa macho na kuchora kwenye karatasi. Aliporudi Belfast akamshawishi kaka yake waunde ya kwao palepale gereji. Tarehe 31 Desemba 1909, huko Hillsborough, siku ya upepo mbaya, ndege ile ilipaa kiasi cha mita 120 ikiwa na Harry ndani yake. Ni umbali mfupi kuliko urefu wa viwanja viwili vya mpira, lakini hakuna mtu aliyewahi kurusha ndege Ireland kabla yake. Mwaka uliofuata akajinyakulia zawadi ya pauni 100 kwa kuruka karibu kilomita tano juu ya ufukwe wa mji wa Newcastle, County Down. Alianguka nayo mara kadhaa pia. Ndugu wakachoka na hofu na gharama, na mwaka 1911 akaanzisha biashara yake mwenyewe ya magari. Alikwenda na fundi mmoja aliyeitwa Willie Sands. Jina hilo halikuandikwa kwenye trekta lolote, lakini mikono ya Sands imo karibu katika kila kitu tutakachokitaja kuanzia hapa.

Mwaka 1913 akamwoa Maureen Watson, wakapata binti mmoja.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomrudisha Ferguson shambani, safari hii akiwa na spana mkononi. Meli za chakula zilikuwa zinazamishwa na nyambizi za Wajerumani, na serikali ilitaka kila kipande cha ardhi kilimwe. Mwaka 1917 aliombwa kusimamia matrekta ya serikali nchini Ireland. Yeye na Sands wakazunguka shamba hadi shamba, wakitengeneza, wakifunga plau, wakifundisha watu.

Alichokiona kilimkera. Trekta la wakati ule lilikuwa ng'ombe wa chuma tu. Plau ilifungwa nyuma kwa mnyororo au chuma kimoja, ikaburuzwa kama inavyoburuzwa na maksai. Ili magurudumu yasiteleze, watengenezaji waliongeza uzito, na uzito ukakandamiza udongo uleule uliokuwa ukilimwa. Kibaya zaidi kilikuwa kifo. Plau ikigonga jiwe au kisiki, inakwama. Injini haijui kwamba imekwama, inaendelea kusukuma. Magurudumu ya nyuma yakishika ardhi sawasawa, kitu pekee kinachoweza kuzunguka ni trekta lenyewe: pua inanyanyuka, inapanda, na kufumba na kufumbua mashine imemlalia dereva. Fordson, trekta jepesi na la bei nafuu la Henry Ford lililoenea duniani kuanzia mwaka 1917, liliua watu wengi kwa namna hiyo.

Ferguson alijiuliza kwa nini plau ifuate trekta badala ya kuwa sehemu ya trekta. Swali hilo lilimla miaka isiyopungua kumi na mitano. Kwanza walibuni plau nyepesi iliyofungwa moja kwa moja kwenye gari la Ford lililogeuzwa trekta. Kisha wakabuni ya Fordson, yenye vyuma viwili kimoja juu ya kingine, vilivyozuia pua isinyanyuke. Ikauzwa Marekani kwa ushirikiano na ndugu wawili wa ukoo wa Sherman. Mwaka 1928 Ford akasimamisha kutengeneza Fordson nchini Marekani, na soko lote la plau ile likakauka. Mtu mwingine angerudi kuuza magari.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye akili yote. Nenda nyuma ya trekta lolote la leo, la rangi yoyote, lililotoka nchi yoyote. Utaona mikono miwili chini na mmoja juu, ule ambao mafundi huuita toplinki. Mikono ya chini inavuta. Plau ikiwa ardhini udongo unaikataa, nayo inataka kupinduka kwenda mbele, hivyo ule mkono wa juu unasukumwa kuelekea kwenye trekta. Msukumo huo ndio unaobonyeza pua ya trekta chini. Yaani nguvu ileile iliyokuwa ikiua madereva, Ferguson aliigeuza iwalinde. Na uzito wa plau pamoja na wa udongo unahamia kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo trekta dogo linashika ardhi kama kubwa.

Kisha akaongeza mafuta, yaani haidroliki. Mkono wa juu unabonyeza springi, springi inaendesha vali ya pampu. Udongo ukiwa mgumu, plau inanyanyuliwa kidogo yenyewe. Ukilainika, inashushwa. Plau ikigonga kisiki ghafla, mafuta yanaachiwa, uzito unatoka kwenye magurudumu, nayo yanazunguka palepale badala ya kumpindua mtu. Haki ya kisheria ya uvumbuzi huo aliipata katikati ya miaka ya 1920.

Mwaka 1933 akakamilisha trekta lake la kwanza la majaribio, akalipaka rangi nyeusi kwa sababu aliona ndiyo rangi ya kiungwana kwa mashine. Lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini London. Kuanzia mwaka 1936 yakaanza kuuzwa matrekta ya Ferguson-Brown, yaliyotengenezwa Uingereza kwa ushirikiano na David Brown, mwenye kiwanda cha gia. Bei ilikuwa pauni 224, ghali kuliko Fordson, na zana zake ulilazimika kununua za kwake tu. Yalitengenezwa kama 1,350, kisha wenye mali wakakosana: Brown alitaka trekta kubwa zaidi, Ferguson hakutaka kubadilisha hata nati. Kwa wakusanyaji wa Ulaya wanaotafuta na kufufua matrekta ya kale, Ferguson-Brown sasa ni kama lulu. Mtu husafiri nchi nzima kwa sababu amesikia liko moja zizini mwa kizee fulani.

Oktoba 1938 Ferguson alipakia trekta na zana zake melini, akaenda kumwonyesha Henry Ford shambani kwake Dearborn, Michigan. Ford naye alikuwa mtoto wa mkulima aliyekimbia kazi ya shamba, na alipoona trekta lile dogo likifanya yaliyoyashinda makubwa, hakuhitaji mahubiri. Wazee wawili wakaketi, wakakubaliana: Ford atatengeneza, Ferguson atauza, kila mmoja amwamini mwenzake. Wakapeana mikono. Hakuna karatasi iliyotiwa saini.

Katikati ya mwaka 1939 trekta la Ford lenye mfumo wa Ferguson lilitoka, na hadi mwaka 1947 yalikuwa yametengenezwa takriban 300,000. Mambo yakaenda vizuri hadi mzee Ford alipomwachia kiti mjukuu wake, Henry Ford wa Pili, mwaka 1945. Mjukuu alikuta kampuni inapoteza pesa. Hakuwepo siku ya kupeana mikono. Akavunja ushirikiano, akaanzisha njia yake ya kuuza, na akaendelea kutengeneza matrekta yenye mfumo uleule. Sisi tunaopokea simu za migogoro ya mashamba kila Jumanne tunaujua wimbo huu: baba aliuziwa kwa neno, muuzaji amefariki, watoto wake wanasema hawajui kitu.

Ferguson alikwenda mahakamani mwaka 1948, akidai dola milioni 251. Kesi ilichukua miaka minne, wanasheria wakajaza maghala ya karatasi, na afya ya mzee ikaharibika humo. Aprili 1952 akakubali dola milioni 9.25. Aliuona kuwa ushindi wa mtu mdogo dhidi ya kampuni kubwa. Sisi tunaona alilipwa, lakini miaka ile minne hakurudishiwa.

Wakati huohuo Uingereza palikuwa na neema. Kuanzia mwaka 1946, kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, kilichokuwa kikitengeneza injini za ndege za vita, kilianza kutoa trekta jipya: TE20, dogo, la rangi ya kijivu. Hadi mwaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya nusu milioni, yakasambaa mabara yote. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary, yule aliyepanda mlima Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta haya, yamefungwa minyororo magurudumuni ili yatembee juu ya theluji.

Ukilichunguza TE20 unamwona mwenyewe aliyelibuni. Hulipigi stata kwa ufunguo wala kitufe, unasogeza mkono wa gia hadi mahali pake maalumu. Maana yake haliwezi kuwaka likiwa ndani ya gia na kumkanyaga mtu aliye mbele. Spana iliyokuja nalo inafungua nati nyingi za trekta na zana zake, na imechorwa vipimo vya inchi ili mkulima apimie plau kwa spana ileile. Yalikuwepo ya petroli, ya mafuta ya taa na baadaye ya dizeli. Yalikuwepo pia membamba ya kupita katikati ya mistari ya bustani na mizabibu, yaliyotengenezwa machache. Hayo leo wafufuaji wa Ulaya huyagombania.

Kuishi naye kulikuwa kazi. Alipenda usafi na mpangilio kupita kiasi, akabishana na kila mshirika, na hakukubali kwamba kuna mwenye trekta bora kuliko lake. Alipowaonyesha watu aliomba kipande kidogo kilichozungushiwa kamba, kisha akakilima chote bila kugusa kamba. Wakati mmoja aliendesha trekta na kulishusha kwenye ngazi za hoteli ya kifahari ya Claridge's, London, mbele ya wageni. Lakini hakuwa akiuza chuma tu. Aliamini kwa dhati kwamba chakula kikilimwa kwa gharama ndogo bei zitashuka kila mahali na umaskini utapungua, na aliwachosha mawaziri na waandishi kwa hoja hiyo. Hapo tunamheshimu bila kukubaliana naye moja kwa moja. Trekta dogo bado ni ghali kwa mwenye ekari mbili, jana na leo.

Mwaka 1953 aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada. Katika hesabu za mwisho walitofautiana kwa dola milioni moja, wakaamua kurusha sarafu. Ferguson akashindwa, akacheka. Mwaka uliofuata alijiuzulu kwa sababu hakuweza kuwa mmoja kati ya wengi. Mwaka 1958 jina likafupishwa kuwa Massey Ferguson, na hilo ndilo lililofika mashambani kwetu kwenye MF 35, kisha MF 135.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Lakini usingizi ulikuwa umemkimbia na huzuni ilikuwa inamrudia kwa vipindi, maradhi ambayo zama zile hazikuwa na subira nayo. Tarehe 25 Oktoba 1960 alikutwa amefariki bafuni nyumbani kwake Abbotswood, Uingereza, akiwa na miaka 75. Chanzo kilikuwa dawa za usingizi zilizozidi. Uchunguzi wa kisheria haukuweza kuamua kama ilikuwa bahati mbaya au kusudi, nasi hatuna la kuongeza. Mwaka 1961 gari la mbio lililojengwa kwa mfumo wake, likiendeshwa na Stirling Moss, lilishinda mashindano ya Oulton Park.

Sasa turudi nyuma ya nyumba ya marehemu babu.

Tulimwomba msikilizaji wetu atafute sahani ndogo ya chuma kwenye dashibodi na kuisugua kwa kitambaa chenye dizeli. Herufi zikatokea: TEF. Hilo ni TE20 la dizeli. Si lile adimu la mizabibu wala si Ferguson-Brown, na hatukutaka kumdanganya kwamba atakuwa tajiri. Ila lina jambo moja ambalo mnunuzi wa kilo hawezi kulipima. Kwa kuwa nusu milioni yalitengenezwa na maelfu bado yanapendwa, vipuri vyake vingi vinatengenezwa hadi leo. Silinda zake ni za slivu zinazotolewa na kubadilishwa, kwa hiyo injini iliyokwama bado inaweza kufunguliwa ikapona.

Mafundi tuliowashirikisha kipindini walikubaliana juu ya mambo machache. Usilivute kwa gari lingine ili injini ishike kwa nguvu, utavunja kilichobaki kizima. Toa nozeli, mimina mafuta mepesi kwenye kila silinda, subiri siku kadhaa, kisha zungusha kwa mkono taratibu. Mwaga mafuta ya giaboksi uyatazame, maana haidroliki inatumia mafuta hayohayo. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia na pampu imo hatarini. Usianze na rangi. Kila aliyeanza na rangi ameishia na trekta zuri lisilowaka.

Na likiwaka, tafadhali: mnyororo wa kuvutia gogo au gari lililokwama hufungwa kwenye upau wa chini kabisa. Ukiufunga kwenye ekseli, au juu pale penye toplinki, umerudi mwaka 1917. Mfumo wa Ferguson unamlinda dereva pale zana ikiwa imefungwa kwenye mikono yote mitatu, basi. Katika eneo letu la matangazo tumeshatangaza vifo vya namna hiyo.

Ndugu wamempa hadi baada ya mavuno. Ujumbe wake wa mwisho ulikuja Jumapili usiku: nozeli tatu zimetoka, ya nne imekataa, anaiwekea mafuta kila asubuhi. Kuku amewajengea banda.